Viwiko Dirishani

Mwiba haupigi hodi. Huingia unyayoni kimyakimya, na aliyechomwa huona haya kusimamisha safari kwa sababu ya kitu kisichofika hata urefu wa ukucha. Hupaka mate, akasugua, akaendelea na mwendo wake. Siku zikisogea unyayo huvimba, kiatu hukataa kuingia, na aliyekuwa akitembea hulazimika kubebwa. Wahenga walilitazama jambo hilo wakasema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Walimaanisha kwamba jambo dogo likipuuzwa huweza kuzaa madhara yasiyolingana nalo hata kidogo. Ukweli wa maneno hayo ulionekana kwa askari wawili wa barabarani, na mwiba wao haukuwa wa mti.

Mmoja wao alijulikana kwa jina la Mkwe. Cheo chake kilikuwa sajini, lakini hata wakubwa wake walikuwa wamekisahau. Jina hilo alilipata kwa sababu kila dereva aliyemsimamisha alimwita mkwe wake. Aliinama dirishani na kumwuliza kama binti aliyemwoza amefungwa mkanda au ameachiwa Mungu amshike. Dereva alicheka, na mkewe aliyeketi kando alicheka zaidi huku akiuvuta mkanda kwa aibu. Mwenye tairi lililokwisha aliambiwa kuwa tairi hilo limechoka kuliko sajini mwenyewe, na kwamba sajini angalau hulala usiku. Mwenye kosa aliandikiwa kosa lake bila kupandishiwa sauti. Asiye na kosa alitakiwa safari njema. Chai ya madereva Mkwe hakuinywa. Kwa miaka yote aliyokaa barabarani, bastola yake ilitoka kiunoni kwa kusafishwa tu.

Mahali pake pa kazi palikuwa ukingoni mwa mji, pale barabara inapomaliza kuteremka na kunyooka. Upande mmoja palikuwa na banda la fundi wa pancha, lenye kivuli cha mabati ambamo Mkwe alipenda kuegesha pikapu ya polisi ili kiti kisiwake moto. Upande wa pili palikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua, na kando yake jiwe la zege la kuhesabia kilomita. Magari aliyoyasimamisha yaliegeshwa kati ya mtaro na lami.

Mkwe alikuwa na namna yake ya kuzungumza na dereva. Aliweka viwiko vyote viwili juu ya ukingo wa dirisha, akaingiza nusu ya kichwa ndani, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kanuni ya kazi yao ilikataza jambo hilo. Ilitaka askari anayezungumza asimame nyuma kidogo ya dereva, usawa wa nguzo inayotenganisha mlango wa mbele na wa nyuma, ili dereva alazimike kugeuza shingo kumwona. Askari wa pili alitakiwa kusimama kwenye kona ya nyuma ya gari, upande wa abiria. Huyo wa pili hazungumzi, hashiki kitu, hatumwi. Kazi yake ni kutazama mikono ya waliomo ndani.

Mkwe aliijua kanuni hiyo kama alivyolijua jina lake. Aliiona tu kuwa ni ndogo, tena haina adabu. Alizoea kusema kwamba ukimsemesha mtu kutoka nyuma ya sikio lake, umekwisha kumwita mwizi kabla hujamsalimu. Na katika hilo hakukosea kabisa, maana watu walimpenda, na penye kupendana hata faini huandikwa bila ugomvi. Hakuwa mzembe, wala hakuwa mjeuri. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomfunika macho.

Mwaka mmoja aliletewa mwenzake mpya, koplo mwanamke, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Walipolisimamisha gari la kwanza pamoja, koplo alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma akasimama wima, mikono mitupu. Mkwe alimwita aje amsalimie dereva, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wake wa siku nyingi. Koplo alitabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima, asisogee. Hapo hapo akapata jina.

"Huyu si askari, ni mlingoti," Mkwe alimwambia dereva. "Sijui bendera tutapandisha saa ngapi."

Haikupita muda madereva wote wa njia ile walimjua Mlingoti. Wengine walipopita walimpigia saluti, kana kwamba bendera imekwisha kupanda. Mwenyewe alicheka pamoja nao, maana utani wa Mkwe haukuwa na sumu. Lakini pamoja na utani zilikuja kazi ndogondogo. Mkwe alimtuma chupa yake ya maji, mwavuli wake, miwani yake. Alimwita aje ahesabu abiria au atazame tairi la mbele. Mlingoti alijibu kwamba atakuja gari hilo likishaondoka, na likishaondoka alikwenda kweli, akaleta kilichotakiwa. Wakaishi hivyo, kama mke na mume wanaogombea dirisha lifungwe au liachwe wazi, kila mmoja akingoja mwenzake asinzie.

Jioni moja, wakirudi kituoni ndani ya pikapu, Mlingoti aliamua kulisema.

"Mzee, naomba nikwambie jambo, usinifikirie vibaya."

"Sema, mwanangu."

"Ukiweka viwiko dirishani, mikono yako inakuwa ndani ya gari la mtu. Likitokea la kutokea, utaitoaje?"

Mkwe alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Itatoka kama inavyotoka kila siku. Nilianza kuweka viwiko dirishani wewe hujaota meno. Ukiogopa kila kivuli, mwanangu, mchana hutatembea."

Mlingoti akasema sawa. Mkwe alikuwa rika la baba yake, na mtoto aliyelelewa vizuri hamrudii mkubwa jambo lile lile mara mbili. Aliendelea kusimama kwenye kona yake, na Mkwe akaendelea na viwiko vyake.

Siku yenyewe ilikuja kama siku nyingine yoyote. Magari ya waendao kazini yalikuwa yamekwisha kupita, na jua lilikuwa limeanza kuchoma mabegani. Fundi wa pancha alikuwa akisukuma tairi ndani ya beseni la maji atafute mapovu. Gari dogo la rangi ya maziwa liliteremka taratibu, taa yake moja ya mbele ikiwa imevunjika kioo. Mkwe aliinua mkono. Gari likatii, likaegeshwa kando ya mtaro bila ubishi.

Ndani walikuwamo wanaume wawili. Dereva alikuwa na tabasamu lililoanza kabla hajasalimiwa. Abiria wake alikuwa amelaza koti mapajani. Mkwe aliweka viwiko vyake mahali pa kawaida.

"Mkwe, gari lako limetobolewa jicho."

Dereva alikiri kosa haraka, akasema ndiko anakolipeleka kwa fundi, akamsifu mzee kwa kazi nzuri. Mkwe alifurahi. Alitaka kutazama stika ya bima kwenye kioo cha mbele, akapapasa mfuko wa shati, akagundua kuwa miwani ameiacha kwenye pikapu. Akarudisha kiwiko dirishani, akamwita Mlingoti aje amsomee.

Mlingoti alikuwa kwenye kona. Alikuwa ameliona lile koti, na alikuwa akijiuliza ni baridi gani inayomsumbua mtu kwenye jua kama lile. Mkono mmoja wa abiria aliuona juu ya goti. Wa pili hakuuona.

"Nipo hapa, afande," alijibu.

Siku zote alimwita mzee. Mwenye sikio angesikia onyo ndani ya neno hilo. Mkwe alisikia ukaidi tu, tena mbele ya wageni, na uso ukamwaka.

"Unaona, mkwe?" alimwambia dereva. "Niliomba askari, nikaletewa mlingoti." Kisha akainua sauti bila kugeuka. "Njoo bwana, hawa hawang'ati."

Dereva alicheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko mzaha wenyewe. Mlingoti alisita. Kisha akaiacha kona yake, akasogea kando ya gari upande wa abiria, akasimama usawa wa mlango wa nyuma. Hakufika alikoitwa, wala hakubaki alikotakiwa kuwa. Abiria alimwona kwenye kioo cha pembeni. Koti likainuka.

Mlingoti alipaza sauti akitaka mikono ionekane, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kushika bastola, lakini risasi ilikuwa njiani tayari. Ilipasua kioo cha mlango wa nyuma, ikampiga paja. Akaanguka chali kwenye changarawe.

Wakati huo huo dereva alibonyeza kitufe, na kioo cha upande wake kikapanda. Kiliikuta mikono ya Mkwe, kikaibana juu ya fremu kama mlango unavyobana kidole. Mkwe alitaka kuifikia bastola yake. Ilikuwa kiunoni, umbali wa shubiri chache, ila mikono yote miwili ilikuwa ndani ya gari la mtu. Dereva akamkamata ukosi wa shati na kukanyaga mafuta.

Mkwe alikimbia kando ya gari hatua alizoweza, kisha miguu ikashindwa, ikaburutwa. Mlingoti, akiwa chini, aliinua bastola. Kichwa cha dereva alikiona, na kando yake alikiona kichwa cha Mkwe. Hakufyatua. Aliushusha mkono, akalenga tairi la nyuma, akapiga. Risasi ya kwanza ilikula lami. Ya pili ilipata. Gari liliyumba, likaingia mtaroni kwa pua, na kioo kilichombana Mkwe kikavunjika. Akadondoka ukingoni, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Abiria alitoka akiwa na bastola, akapiga kuelekea alikokuwa Mlingoti. Pikapu, ambayo ingeweza kumkinga, ilikuwa mbali kivulini. Mlingoti alijivuta kwa viwiko hadi nyuma ya jiwe la kilomita. Risasi zilimega zege juu ya kichwa chake. Alingoja mpaka yule mtu akaanza kupanda kutoka mtaroni, ndipo akampiga begani. Bastola ikamtoka mkononi, naye akaketi chini kama mtu aliyechoka. Dereva hakutoka. Usukani ulikuwa umemkaa kifuani, akipumua kwa taabu, mikono ameiinua bila kuambiwa.

Yote hayo hayakuzidi muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Fundi wa pancha, aliyekuwa amelala kifudifudi nyuma ya beseni lake, alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akakimbia nao, akaufunga juu ya jeraha la Mlingoti akikaza kwa nguvu zote, huku akimwomba radhi kwa kumuumiza. Madaktari walisema baadaye kwamba bila mpira ule asingefika hospitali. Ilijulikana pia kwamba gari lile mwenyewe alinyang'anywa kwa bastola alfajiri ya siku hiyo, na kwamba wale wawili walikuwa wanatafuta tu namna ya kutoka mjini.

Mkwe aliwekwa plasta mkono wa kulia. Wageni walijaa kitandani kwake: madereva, jamaa, askari wenzake. Aliwasimulia jinsi alivyokimbizana na gari kama mbwa aliyefungwa nyuma ya baiskeli, nao wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza. Walimwita shujaa. Yeye hakukataa, ila hakulala vizuri, akidai ni plasta inayomwasha. Katika wodi ya pili Mlingoti alikuwa bado hajafumbua macho. Mfupa wa paja ulikuwa umepasuka, na damu iliyomwagika ilikuwa nyingi. Waliomjua walikuwa wakiuliza swali moja tu, kama ataamka.

Siku ya tatu Mkwe alikuwa ameketi na mkewe kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi ile, alipokuja mama mmoja mrefu, mwembamba, amejitanda kanga mbili. Hakuhitaji kuambiwa ni mama wa nani. Mama yule aliushika mkono wake usio na plasta kwa mikono yote miwili.

"Asante, baba, kwa kunilelea mwanangu," alisema. "Kila akipiga simu ananiambia, mama, usiwe na wasiwasi, nafanya kazi na mzee."

Mkwe, mwenye neno la kila dereva, aliitazama plasta yake. Mama alipoingia wodini, mkewe alimwuliza taratibu kwa nini hakumjibu mama wa watu. Mkwe akasema hajui. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi ya mbwa na baiskeli.

Mlingoti aliamka wiki ile ile. Daktari alimwambia mama yake bila kuficha kwamba atatembea, lakini kwa fimbo, na kukimbia asahau.

Mkuu wao, Inspekta, alikuwa na desturi moja. Tukio likishapita na waliohusika wakishapata nafuu, aliwarudisha wote kusimama kila mmoja mahali alipokuwa. Hakufanya hivyo kumtafuta mkosaji. Alisema macho ya siku ya tukio huwa na vumbi, na yanahitaji kunawishwa. Basi asubuhi moja gari dogo liliegeshwa katikati ya uwanja wa kituo. Askari wote walizunguka. Mlingoti aliletwa kwa kiti cha magurudumu, pamoja na fimbo ya kujifunzia kutembea.

Inspekta alimwomba Mkwe asimame alivyosimama. Mkwe aliinama, akaweka kiwiko kizima na cha plasta dirishani. Kisha Inspekta alimwomba askari mwingine ashike nafasi ile ile kwa namna ile ile, na Mkwe aingie ndani, aketi kwenye kiti cha abiria. Akaingia.

"Unaona nini, sajini?"

Mkwe alitazama. Aliona uso wa askari mzima mzima, karibu kiasi cha kuhesabu ndevu. Aliona shingo. Aliona mikono miwili isiyoweza kufika popote. Akasema anaona mtu aliyekwisha kujikabidhi mikononi mwa waliomo garini.

Inspekta alimwambia yule askari arudi usawa wa nguzo ya milango. Safari hii Mkwe alilazimika kujipinda, na hata alipojipinda aliona kipande cha bega tu. Akajipinda mara ya pili, kisha ya tatu, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha Inspekta alimgeukia Mlingoti. Alimwambia kwamba jambo moja halijamwelea. Koplo hakuwa mtu wa kuhama kona yake. Kila mtu pale alimtania kwa hilo. Ilikuwaje siku ile ahame?

Mlingoti alitazama magoti yake. Alionekana kutafuta jibu jingine, asilipate.

"Mzee aliniita mara ya pili," alisema. "Mbele ya watu. Niliona nikikataa tena nitamvunjia heshima. Nikasema nisogee nusu, ili asiaibike."

Wale waliokuwa wakimtania walitazama viatu vyao. Mkwe alitoka garini polepole, akaenda mpaka mbele ya kile kiti, akachutama ili macho yake yawe sawa na ya mwenzake.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani aibu ni kukataliwa na mdogo. Nusu hiyo uliyosogea nilikusukuma mimi. Mwiba niliudharau mimi, na mguu uliovimba ni wako."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita. Bado unayakalia."

Mlingoti alicheka kidogo, akafuta macho kwa nyuma ya kiganja. Akamwambia kuwa akitaka kumlipa, asimwombe radhi mara ya pili, awafundishe hawa wanaobaki.

Mkwe akasimama. Alimwomba Inspekta ruhusa, naye akamkubalia kwa kichwa. Akawaita askari wasogee waone. Alilikaribia gari kutoka nyuma, akapita kando yake, akasimama karibu na mlango wa dereva, mkono mzima ukiwa huru. Viwiko havikugusa kitu. Aligeuka kumtazama Mlingoti.

Mlingoti alipima kwa macho kutoka kwenye kiti chake.

"Bado, mzee. Rudi nyuma kidogo."

Hatua yenyewe ilikuwa ndogo, haitoshi hata urefu wa kiatu. Mkwe aliipiga, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa maana kila aliyekuwapo uwanjani alikuwa na fimbo ya mwenzao mbele ya macho yake, imeegemezwa kwenye gurudumu la kiti, ikimsomea hukumu ambayo wahenga waliikata zamani: mdharau mwiba mguu huota tende.